Sura ya Tano: Atakulia Humo

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulivishwa kwa hesabu ya "atakulia humo". Sare ya darasa la kwanza ilinunuliwa ikiwa inavuka magoti, fundi akaacha pindo nene kwa ndani, na kila Januari mama akalifumua kidogo mpaka kitambaa kikapauka. Ilikuwa hesabu nzuri. Sketi inayompwaya mtoto kule Morogoro au Nakuru haimdhuru. Basi mzazi aliyehamia Minneapolis, Minnesota, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaingia dukani mwezi wa kumi, anaona bei ya koti la baridi, na mkono unakwenda wenyewe kwenye koti la mtoto wa miaka minne. Mikono tutakunja, anasema. Litamvusha baridi tatu.

Namsihi mzazi huyo alirudishe koti hilo mahali pake. Januari ya Minneapolis ina wastani wa karibu nyuzi 5 za Selsiasi chini ya sifuri mchana, na 13 chini ya sifuri usiku. Katika baridi hiyo koti ni chombo cha kutunza joto, na chombo hicho hufanya kazi kikiwa kimemkaa mtoto mwilini. Koti lenyewe halitoi joto lolote. Joto ni la mtoto. Linapasha hewa iliyotulia kati ya nyuzi za koti na kati ya nguo moja na nyingine, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga. Koti likimpwaya, hewa haitulii. Kila anapoinama kuokota theluji, hewa ya moto inamtoka shingoni, na kila anaposimama, hewa ya barafu inamwingia kwa chini. Anatembea akiwa na koti zito la bei kubwa na mgongo wa baridi.

Mtoto mdogo hana akiba ya kupoteza. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni nyingi kuliko yetu, kwa hiyo joto linamtoka haraka. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Akiwa na umri wa miezi ishirini hawezi kusema "mama, vidole vinauma". Atalia, au atanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonitisha zaidi.

Sasa hesabu ya urefu. Mtoto aliye kati ya mwaka mmoja na miwili huongezeka sentimita 10 hadi 12 kwa mwaka. Anayeelekea mitatu huongezeka kama 8. Msimu wa koti Minnesota huanza Novemba na humwachia mtu Aprili, na haukosi kuwahi. Tarehe 31 Oktoba 1991 theluji ilianza kuanguka, na ilipokoma siku kadhaa baadaye Minneapolis na St. Paul zilikuwa zimefunikwa na theluji ya sentimita 72. Msimu mmoja basi ni karibu nusu mwaka, na nusu mwaka kwa mtoto wa umri huu ni sentimita 5 au 6. Watengenezaji wa Ulaya hupanga nguo za watoto kwa urefu wa mwili: 80, 86, 92, 98, kila hatua sentimita 6. Mtoto wako, kwa maneno mengine, anamaliza saizi moja katika msimu mmoja.

Hapo ndipo pa kuamulia. Mpime mtoto mwishoni mwa Septemba, akiwa amesimama ukutani bila viatu. Akiwa na sentimita 84, Aprili atakuwa karibu 90, kwa hiyo mnunulie 92. Lile la 86 litambana Februari, wakati ambapo madukani yamebaki mabaki. Lile la 98 litampwaya msimu mzima, na mwaka ujao, siku linapomkaa, zipu itakuwa imechoka. Nguo za Marekani zina namba za umri, 18M, 24M, 2T, 3T, na kila kampuni ina mwaka wake. Herufi T huashiria nguo iliyokatwa kwa mtoto anayeanza kutembea, nyingi zikiwa na nafasi ya nepi. Usiamini umri ulioandikwa. Tafuta jedwali la kampuni lenye urefu na uzito, kisha mjaribishe akiwa amevaa sweta atakalovaa ndani. Ainue mikono juu: kiuno kisionekane. Akae chini: miguu ya suruali isipande juu ya buti.

Kubanwa nako ni baridi. Koti la sufi au la manyoya linapokandamizwa na sweta nene lililosukumwa ndani kwa nguvu, ile hewa ya katikati inatoka na faida ya koti inapotea. Buti linalobana huzuia damu isifike vidoleni. Kwa hiyo mzazi anatafuta nafasi ya kutosha kuingiza vazi moja la ndani na kumwacha mtoto anyanyue mikono, basi.

Je, busara ya fundi wa nyumbani itupwe? Hapana, na inanifurahisha kuona kampuni kubwa zimeifikia kwa njia zao. Columbia, ya kule Oregon, hushona makoti na suruali za theluji za watoto zenye pindo la ziada ndani ya mikono na miguu. Mtoto akirefuka, unakata uzi mmoja na mkono unateremka. Ni pindo lile lile la sare. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Ryan Yasin, mhandisi aliyesomea mambo ya ndege huko London, alimnunulia mpwa wake mchanga nguo, na zilipomfikia mtoto zikawa zimeshakuwa ndogo. Alibuni kitambaa chenye marinda madogo yanayofunguka kwa urefu na kwa upana pamoja, kikaweza kupita katika saizi saba, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya James Dyson ya Uingereza kwa nguo hizo alizoziita Petit Pli. Ni gamba la juu la kukinga upepo na mvua. Joto bado unaliweka wewe kwa nguo za ndani. Lakini wazo lake ni sahihi: ukuaji uwekwe mahali ambapo nafasi ya ziada haifungui mlango wa upepo.

Mahali hapo papo. Urefu wa mguu wa suruali ya theluji unaweza kuzidi sentimita 4 au 5 ikiwa chini kuna mpira unaobana kifundo; kitambaa kitajikusanya juu ya buti na hakuna kitakachoharibika. Mkono wa koti unaweza kuzidi kidogo ikiwa mwisho wake una mpira au kifungo cha kubana. Mikanda ya begani ya suruali za theluji hurefushwa. Kiunoni pia pana nafasi, hasa kwa anayevaa nepi.

Shingoni, viganjani, nyayoni na kichwani hapana mzaha: hapo kila kitu kiwe cha saizi ya leo. Buti ndilo linaloponza wengi, kwa sababu mguu wa mtoto huyu hukua zaidi ya sentimita moja kwa mwaka na mzazi anaona fedha zikipotea. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, mtoto asimame juu yake. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita moja, au moja na nusu. Ikibaki tatu, mguu utateleza, soksi itakusanyika mbele, theluji itaingia kwa juu, naye ataanguka kila hatua ya tano. Rudia kipimo hicho kila baada ya wiki sita hivi. Na asivae soksi mbili ikiwa ya pili inalijaza buti. Soksi moja ya sufu inafaa kuliko tatu za pamba zilizobanana.

Glavu za vidole vitano hazimfai mtoto wa miaka miwili. Vidole vyake vinapashana joto vikiwa pamoja, dole gumba peke yake, na wewe hutahangaika kutafuta kidole cha pete mlangoni wakati basi linakuja. Chagua zenye mkono mrefu unaofika karibu na kiwiko. Zivaliwe kwanza, koti lifuate juu yake. Watoto wengi wanaosemekana "hawakai na glavu" wamevishwa glavu fupi zinazochomoka.

Kofia ina habari yake kwa watoto wetu. Kofia ya sufu inayosugua nywele za kipilipili kutwa nzima huzikausha na kuzikata, kwa hiyo tafuta yenye bitana ya satini, au shona bitana mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa. Msuko nao una maana. Mtoto aliyefungwa vifundo juu ya utosi hafunikwi masikio, maana kofia inakaa juu ya vifundo na kuacha pengo pembeni. Twende kilioni inalala vizuri chini ya kofia. Shanga ziachwe mpaka Mei. Badala ya skafu, ambayo ncha zake hunasa, mvalishe boshori linalofunika kichwa na shingo kwa pamoja au kola ya kitambaa inayovaliwa kwa kupitishwa kichwani.

Kunasa huko si hofu ya bure. Watoto wamekufa kwa sababu kamba ya kofia ya koti ilishikwa na slaidi ya kuchezea, au ya kiunoni na mlango wa basi. Mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo dhidi ya kamba za kofiani na shingoni kwenye nguo za juu za watoto, na mwaka 2011 ikaweka kanuni inayozihesabu kamba hizo kuwa hatari kubwa kwa saizi za 2T hadi 12. Koti jipya la dukani halipaswi kuwa nazo. Koti la zamani linaweza kuwa nazo, na hili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee.

Makoti mengi yanayoachwa na watoto wa nchi za baridi hufungwa marobota na kusafirishwa. Yanafika soko la Gikomba, yanafika la Karume, na kutoka hapo yanapanda Limuru, Mafinga na Njombe, ambako Julai watu wanayahitaji kweli. Familia inayosubiri safari ya Kanada au Marekani hununua hapo kabla ya kupanda ndege, na inafanya vizuri. Sufu halisi na zipu madhubuti zinapatikana kwa bei nafuu. Ila likague koti kwa mikono, usiliangalie kwa macho tu. Likunje uone kama sufi yake imejikusanya chini na kuacha mabega matupu. Vuta zipu mara kadhaa juu hadi chini. Geuza ndani usome lebo. Kamba ya kofia ichomoe hapo hapo sokoni.

Minnesota kwenyewe mitumba haina aibu. Maduka ya Once Upon a Child hununua na kuuza nguo za watoto zilizotumika, na koti la mtoto wa mwaka mmoja mara nyingi limevaliwa msimu mmoja tu, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu. Nguo mpya nazo hazitozwi kodi ya mauzo katika jimbo hili. Punguzo kubwa huja Januari, maduka yanapoanza kuleta nguo za kiangazi wakati nje barafu haijafika nusu yake. Kununua wakati huo la mwaka ujao ni sawa kwa mtoto wa miaka minne ambaye ukuaji wake umetulia. Kwa wa mwaka mmoja ni kubahatisha; mimi singelinunua.

Kama fedha ni za kugawa, gamba la juu liwe la mitumba na fedha ziende ndani. Fulana na taiti za kwanza, zinazogusa ngozi, ziwe za sufu nyembamba ya merino au za poliesta. Pamba tunaipenda, tumekulia ndani yake, lakini ikilowa jasho hushika maji na kumpokonya mtoto joto lote. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Juu ya hiyo, sweta au flisi. Juu kabisa, kitambaa kisichopitisha upepo wala maji, kwa sababu mtoto wa umri huu hasimami kwenye theluji: anakaa juu yake, anapiga magoti, anailamba. Lebo za nguo za mvua huandika kiwango kwa milimita za maji. Makalioni na magotini ndipo maji yanaposukumwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo hapo nguo ya milimita 10,000 ni bora kuliko ya 2,000.

Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa hushikana na kulala. Mtoto anayedondosha udenda, uji na theluji iliyoyeyuka kwenye koti lile lile anahitaji sufi ya kiwandani. Thinsulate ilibuniwa na 3M, kampuni ya hapa hapa Minnesota; PrimaLoft ilianza miaka ya 1980 kwa jeshi la Marekani, lililotaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya ambacho hakitashindwa na maji. Zote zinafuliwa kwa mashine.

Ovaroli ya kipande kimoja au koti na suruali? Anayetambaa au anayeanza kutembea avae ovaroli, kwa sababu haina kiuno cha kuachia upepo, na zipu ndefu hukuruhusu umlaze juu yake na kumfunga. Anayejifunza kwenda chooni atahitaji vipande viwili. Walimu wa kituo cha kulelea watoto, wenye watoto wanane wa kuwavisha kabla ya kutoka nje, watakushukuru kwa chochote chenye zipu moja.

Namna ya kukisia idadi ya nguo ni ile ya madaktari wa watoto wa Marekani: mtoto avae nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe katika hali hiyo hiyo. Naikubali kwa aliye kwenye kigari. Anayekimbia hutengeneza joto lake, na akitokwa jasho atapoa vibaya mara atakaposimama. Ingiza vidole viwili shingoni kwa nyuma. Pakiwa pa moto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na jasho, punguza. Pakiwa pa baridi, rudi ndani. Mikono na pua si kipimo kizuri.

Kuna mahali pamoja ambapo koti zuri linakuwa adui: kiti cha mtoto cha gari. Gari likigonga, sufi yote ya koti hukandamizwa kwa kufumba na kufumbua, na mikanda uliyodhani imembana mtoto inabaki imelegea kwa sentimita kadhaa. Anaweza kuchomoka. Jaribu mwenyewe ukiwa nyumbani: mvishe koti, mfunge, kaza mikanda mpaka usiweze kuifinya begani kwa vidole viwili. Mtoe bila kulegeza mikanda, mvue koti, mrudishe. Ukiweza sasa kuufinya mkanda, koti hilo lisivaliwe kwenye gari. Mfunge akiwa na flisi nyembamba na kofia, kisha mgeuzie koti kwa mbele, mikono yake ipite kwenye mikono ya koti juu ya mikanda, au mfunike blanketi. Inachosha asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, najua. Washa gari mapema likiwa nje ya gereji, umtoe mtoto nyumbani mwishoni kabisa.

Siku nyingine hakuna koti linalotosha. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, na hata posta ikasimamisha kupeleka barua. Angalia baridi pamoja na upepo, kwa sababu namba ya kipimajoto peke yake inadanganya: nyuzi 18 chini ya sifuri zikiwa na upepo wa kilomita 24 kwa saa huuma kama 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Ya mtoto, fupisha muda huo.

Picha nyingi za tahadhari huonyesha ngozi ya pinki iliyogeuka nyekundu kisha nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi dalili si hizo. Tafuta rangi ya majivu, au doa lililopauka kuliko ngozi ya pembeni, kwenye mashavu, ncha ya pua, masikio na vidole. Liguse: likiwa gumu au kama lina nta, mwingize ndani mara moja. Utafiti kwa askari wa Marekani na wa Uingereza umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliosimama nao hapo hapo. Usisugue, wala usitumie maji ya moto. Tumia maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayaona ya kawaida. Rangi isiporudi, au pakitokea malengelenge, nenda hospitali.

Aprili koti hili litakuwa limekwisha kazi kwa mtoto wako. Lifue bila dawa ya kulainisha nguo, likaushe kabisa, tengeneza zipu, na kwenye kipande cha karatasi andika urefu wa mtoto aliyelivaa, kwa sentimita. Kuna watu wa kuwapa: shangazi wa jirani, jumuiya ya kanisani, akina mama wa msikitini. Liwafikie kabla ya Septemba kwisha, kwa sababu familia inayotua hapa Oktoba haina majuma ya kusubiri mpaka mtu akumbuke sanduku lake lililo chini ya ngazi.